UZI: Hoja ya mbunge huwa inafia wapi hasa? Kuanzia kushika shilingi mpaka saini za kumng'oa Waziri Mkuu

Mangi wa Pasua

Wakuu habarini za jioni. Huu uzi nimeuwaza siku nyingi ila uvivu wa kuandika, leo mvua imetufungia ndani huku Moshi na umeme upo, kwaiyo ngoja nimwage.

Kila msimu wa bajeti kelele mtaani ni ile ile, mbunge fulani kawachana, klipu inazunguka kwenye magrupu, watu wanaandika "huyu ndo mbunge sasa". Ukiuliza sawa kawachana, ile hoja yake imeishia wapi, kimyaaa. Mi nasema hivi na niko tayari kupigwa mawe: hoja bungeni haifi kwa sababu mtu hajui kuongea. Inafia sehemu ambazo hakuna anayezirekodi klipu. Inafia kwenye taarifa iliyochelewa kupelekwa, kwenye saini zilizopungua, kwenye saa ya ukutani, au anasimama mtu mwingine na hoja yake juu ya hoja yako na mchezo umeisha hapo hapo.

Tuanze na ile inayopendwa, kushika shilingi. Watu wengi wanadhani ni msemo tu wa kutishia. Hapana, ni hoja kamili. Waziri akishamaliza kujibu michango ya wabunge kwenye bajeti ya wizara yake, Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi. Ukisikiliza vizuri hapo hata kuita kunabadilika, hawasemi tena Mheshimiwa Spika, wanasema Mheshimiwa Mwenyekiti. Wanaanza kupitia fungu la wizara kifungu kwa kifungu, na kile cha mwanzo kabisa, 1001 cha utawala, ndo kina mshahara wa Waziri. Mbunge anasimama hapo anataka maelezo ya sera, mfano maji ya jimbo lake au bei ya mbolea, na anasema kabisa nisiporidhika naondoa shilingi. Maana yake anapendekeza mshahara wa Waziri upunguzwe kwa shilingi moja. Shilingi moja hata pipi hainunui, ila ikiondoka kweli Bunge litakua limetamka rasmi kwamba halimuamini huyo bwana kwenye hilo jambo. Kwaiyo ni kofi limefungwa kwenye hesabu.

Sasa angalia inavyokufa. Waziri anasimama, "nimepokea ushauri wa Mheshimiwa Mbunge, tutalifanyia kazi". Wabunge wa upande wake wawili watatu wanachangia kumuombea. Mwenyekiti anamgeukia mtoa hoja, Mheshimiwa umeridhika? Anajua wakipiga kura ya sauti atazikwa, kwaiyo anasema narudisha shilingi. Na hapo bado saa inakimbia, maana muda wa Kamati ukiisha inakuja gilotini, vifungu vyote vilivyobaki vinapita bila mtu kufungua mdomo. Mwisho Waziri anatoa taarifa kwamba Kamati imeyapitia makadirio kifungu kwa kifungu na kuyapitisha bila mabadiliko yoyote. Kifungu kwa kifungu wakati nusu yake imepita na gilotini bana, hii nchi tamu.

Naomba tujadili. Wenye mifano mwageni, wa kutukana vyama nendeni nyuzi zenu.

chalii_wa_Sakina

Naunga mkono hoja 😂

Dogo Ngarenaro

TAARIFA Mheshimiwa Mtoa Uzi. Napenda kumpa taarifa mzungumzaji kwamba wa Pasua kupata umeme siku ya mvua ni jambo la dharura linalohusu umma, tuahirishe shughuli zote tulijadili.

Mangi wa Pasua

Siipokei taarifa hiyo, endelea kukaa Dogo.

Wakili wa 027

Mkuu uzi mzuri ila umeruka hatua, ngoja nijazie kwa sababu watu humu watadhani kila anayesimama ana hoja.

Hoja ina njia yake. Mbunge anaandika taarifa ya hoja, anaipeleka kwa Katibu wa Bunge, Spika anaiangalia kama haivunji Katiba wala Kanuni, ikipita inasubiri kupangiwa nafasi kwenye Orodha ya Shughuli. Siku yake ikifika anaisoma anamalizia na yale maneno, Mheshimiwa Spika naomba kutoa hoja. Wenzake wanasimama, naafiki, naafiki. Kama hakuna anayesimama hoja imeanguka, hata isijadiliwe. Ikiungwa mkono Spika anaifungulia mjadala, mwisho mtoa hoja anarudi kuhitimisha, ndo linakuja lile la wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Ikipita inaitwa azimio la Bunge.

Ukiangalia hiyo njia utaona milango mingi kabla ya mtu kushika maiki. Mlango ambao wengi wanaugonga bila kujua ni ibara ya 99 ya Katiba, mambo ya fedha. Mbunge wa kawaida hawezi kuja na hoja ya kuongeza kodi au kutoa hela mfuko mkuu, hiyo lazima ipendekezwe na Rais na iwasilishwe na Waziri. Kwaiyo mbunge anayewaahidi kwenye kampeni kwamba nitapeleka hoja Serikali iwajengee barabara ya Kibosho mwaka huu, anawauzia mbuzi kwenye gunia. Anachoweza ni hoja ya kulitaka Bunge liiombe au liitake Serikali. Ni tofauti kubwa sana hiyo.

Halafu yale mengine, taarifa, mwongozo wa Spika, kuhusu utaratibu, hayo sio hoja. Toleo la 2016 la Kanuni yote yalikua kwenye kanuni ya 68, toleo la Juni 2020 namba zimepangwa upya, kwaiyo ukimsikia mtu anakunukulia kanuni ya 68 mpaka leo jua amekariri zamani. Kuhusu utaratibu ni kumwambia Spika kuna kanuni inavunjwa hapa hapa. Mwongozo ni kuuliza hivi jambo hili linaruhusiwa? Taarifa ni kumrekebisha anayeongea, na yeye anaulizwa kama anaipokea. Siku hizi vyote vinatumika kumkata mtu stimu dakika zake ziishe.

binti_njiro

Wakili umesema vizuri. Ila kwenye hoja ya Mangi kuna kitu nakataa. Hoja nyingine hazijafika hata kusomwa na bado zimefanya kazi. Kumbukeni Aprili 2012, ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali, zimewasha moto, Zitto Kabwe anazunguka na karatasi ya saini za kutokua na imani na Waziri Mkuu Pinda. Ibara ya 53A inataka saini za asilimia 20 ya wabunge wote, na taarifa ifike kwa Spika siku 14 kabla ya siku ya kuiwasilisha. Spika Makinda akasema mkutano unaisha hizo siku 14 ziko wapi. Kitaalamu hoja imefia mlangoni. Lakini Mei hiyo hiyo Kikwete akapangua baraza na mawaziri sita wakaenda na maji, akiwemo wa kwetu huku Moshi Vijijini Dkt. Cyril Chami aliyekua Viwanda na Biashara. Sasa hiyo imekufa au imezaa?

Mangi wa Pasua

binti_njiro hapo umenibana kidogo ila sikubali yote. Kilichowang'oa sio hoja, ni zile ripoti na kelele za kamati na chama chao wenyewe kuona aibu. Saini zilikua kuni. Ingekua hoja yenyewe ndo ina nguvu Pinda ndo angeondoka, na Pinda alikaa mpaka 2015 anakunywa chai yake.

binti_njiro

Kuni ndo zinapika ugali lakini 😅

Hujanijibu. Saini ni sehemu ya hoja. Ulisema mwenyewe hoja inaishi au inafia kwenye saini. Sasa zilivyofanya kazi unasema sio hoja.

Mangi wa Pasua

Haya nimekuelewa, tuseme saini ni silaha inayofanya kazi ikiwa bado haijafyatuliwa. Ila ukumbuke na masharti mengine ya hiyo 53A, huwezi kuleta hoja kama Waziri Mkuu hajamaliza miezi sita tangu ateuliwe, na ikikataliwa mara moja lazima miezi tisa ipite ndo uje tena. Kwaiyo ukikurupuka na namba hazijatimia umempa mtu kinga ya miezi tisa. Ndo maana hoja za namna hii mtu mwenye akili hahesabu makofi, anahesabu vichwa.

chalii_wa_Sakina

Kenya walihesabu vichwa hao. Oktoba 2024 ile ya kumng'oa Naibu Rais Gachagua, si tulikua tunaangalia wote huku Chuga (Arusha), kila baa runinga imewekwa stesheni ya Kenya kama fainali. Hoja ya Mwengi Mutuse imekuja na saini 291 tayari, sharti lao ni theluthi moja tu kuileta na theluthi mbili kuipitisha, yaani 233 kati ya wabunge 349. Sasa mtu ana saini 291 mkononi unajadili nini? Kura ikaja 281 ndiyo. Kina Gachagua wanajitetea pale masaa mawili wakati mechi imeisha kabla ya kupuliza kipyenga. Seneti nao tarehe 17 wakammalizia.

Wakili wa 027

Tofauti nyingine na Kenya, wao waliandika makosa moja moja na kila kosa likapigiwa kura kivyake kule Seneti, ndo maana yalipita matano kati ya 11. Hiyo ni akili ya uandishi wa hoja. Ukiweka tuhuma zote kwenye kapu moja, mtu mwenye shaka na moja anakataa zote.

Mzee wa Mawenzi

Vijana naona mnaongelea za kuangusha watu tu. Nimefuatilia Bunge tangu enzi ya Msekwa, nawaambia hoja ambayo imewahi kufanya kazi kubwa nchi hii ilikua ya kistaarabu kabisa haina jina la mtu. Novemba 2007 Bunge limeazimia kuunda kamati teule ya kuchunguza Richmond, ile kampuni ya umeme wa dharura. Hakuna aliyesema tunamtaka fulani. Kamati ikapewa hadidu za rejea, ikapewa nguvu ya kuita watu na makaratasi, Mwakyembe mwenyekiti. Februari 2008 ripoti inasomwa, na tarehe 7 Waziri Mkuu Lowassa wetu wa Monduli anasimama mwenyewe bungeni anasema ameandika barua ya kujiuzulu, na mawaziri Karamagi na Msabaha nao wakaondoka. Hapakua na kura ya kutokua na imani wala saini za asilimia 20.

Huku Arusha siku ile watu walikaa kimya barabarani, wengine wanalia, wengine wanachekea moyoni, sitaki kurudi huko. Ninachosema ni hiki. Hoja ya kulaani inaisha siku hiyo hiyo. Hoja ya kuunda chombo chenye tarehe ya kurudi na ripoti, hiyo inamfuata mtu mpaka nyumbani.

binti_njiro

Mzee wa Mawenzi 🙌🙌 shikamoo. Hii nimeichukua.

Mzee wa Mawenzi

Marahaba mwanangu.

Kijana wa Rau

Mzee shikamoo. Lakini mwaka huo huo 2007, miezi michache kabla, Zitto si alileta hoja ya aina hiyo hiyo kuhusu mkataba wa Buzwagi, kamati teule ichunguze, ikakataliwa na yeye akasimamishwa ubunge kwa muda. Kwaiyo kuunda chombo peke yake haitoshi. Ya Richmond ilipita kwa sababu wenye Bunge lao walikua wamegawanyika, ya Buzwagi walikua kitu kimoja.

Mzee wa Mawenzi

Sikatai. Ndo siasa yenyewe hiyo.

Mama Kahawa

Jamani mi sio mtu wa bunge, nasoma tu kimya kimya, lakini haya mnayosema yote yapo huku kwetu kwenye chama cha msingi cha kahawa. Sitaji chama maana naishi na hao watu.

Tulikua na jambo la malipo ya pili ya kahawa, wanachama wananung'unika msimu mzima, tukakubaliana kwenye mkutano mkuu tutasimama tuseme bodi ieleze. Mi nikaambiwa mama wewe unajua kuongea, utasema wewe. Nikafika na maneno yangu nimepanga vizuri. Agenda zinasomwa, yatokanayo, taarifa ya bodi, mapato na matumizi, makisio, ukomo wa madeni, saa saba, saa nane, watu wana ng'ombe nyumbani wa kukatiwa majani, wanaondoka mmoja mmoja. Nikinyoosha mkono mwenyekiti anasema mama hiyo tutaifikia kwenye mengineyo. Tumefika mengineyo saa kumi kasoro. Nimesimama nimesema yote. Mwenyekiti ananisikiliza kwa adabu kabisa, halafu anamgeukia katibu, hebu hesabu wajumbe. Katibu anahesabu, akidi haipo, yaani watu hawatoshi kufanya maamuzi. Basi mama tumekusikia ila hatuwezi kuamua, italetwa mkutano ujao.

Na makisio yao walishayapitisha asubuhi watu wakiwa wamejaa.

Sasa swali langu kwenu wataalamu, bungeni na kwenyewe kuna mengineyo?

Dogo Ngarenaro

Mama pole sana. Huyo mwenyekiti apelekwe Dodoma haraka anapoteza kipaji huko migombani.

Wakili wa 027

Mama Kahawa umeandika kitu ambacho vitabu vizima vinashindwa kueleza. Jibu, bungeni hakuna mengineyo, lakini kuna Kamati ya Uongozi inayopanga ratiba na shughuli za Serikali ndo zinatangulia, kwaiyo hoja binafsi inaweza kubaki nje mpaka mkutano unaahirishwa. Dawa yake kwenye chama chenu ni kuomba jambo liingie kwenye agenda kwa maandishi kabla agenda haijatoka, mkiwa wanachama wengi mmesaini, na nakala mpeleke kwa afisa ushirika wa wilaya. Na siku ya mkutano ule wakati wa kuthibitisha agenda ndo wakati wako wa kusimama, sio mwisho. Pale watu wapo wote. Sema naomba namba saba iwe namba tatu. Ni hoja hiyo, na ina kura.

Kuhusu akidi, bungeni ni nusu ya wabunge wote, ibara ya 95. Lakini Kanuni zinaiangalia wakati wa kufanya maamuzi, sio wakati wa kuchangia. Ndo maana mnaona kwenye runinga mtu anahutubia viti, mnakasirika, na sio kosa la kikanuni. Ikifika kupiga kura kengele inapigwa wanarudi kutoka kantini.

Mama Kahawa

Asante sana wakili, Mungu akubariki. Hiyo ya kuthibitisha agenda sikuijua, sisi huwaga tunapiga makofi tu agenda inapita.

chalii_wa_Sakina

Kila mtu anapiga makofi hapo mama, hata vikao vya harusi. Ndo maana bajeti ya harusi inapitaga milioni ishirini na mtu hajui imepitaje.

binti_njiro

Kwa vile akidi imetajwa, hakuna mji Tanzania unaojua habari ya akidi kama Arusha jamani mbona mnasahau. Bunge la Afrika Mashariki lipo hapa hapa, makao makuu ya Jumuiya pale jirani na AICC. Kila nchi ina wabunge tisa wa kuchaguliwa. Mkataba ibara ya 57 unasema akidi ni nusu ya wabunge wa kuchaguliwa, NA ndani ya hiyo nusu lazima iwepo theluthi ya wabunge wa kila nchi. Yaani watatu watatu. Piga picha, ukumbi umejaa, nchi zote zipo, halafu nchi moja wamekuja wawili. Hakuna kikao. Wabunge saba tu wakibaki hotelini wanafunga Bunge la Jumuiya nzima.

Na mwaka 2014 tuliona sinema yote ya hoja pale. Wabunge wanataka kumuondoa Spika Margaret Zziwa wa Uganda. Hoja ya kwanza imekuja na saini, katikati ya safari baadhi ya waliosaini wakafuta saini zao, mabishano yakaanza, je saini ikishapokelewa inafutika? Na Spika anayeng'olewa ndo mwenye kiti! Anaahirisha kikao, mmeenda nyumbani. Ikaenda hivyo hivyo mpaka Novemba wakamsimamisha, Desemba 17 wakamuondoa, akachaguliwa Dan Kidega wa Uganda pia. Mama hakulala, kaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo na yenyewe ipo Arusha, na 2017 mahakama ikasema utaratibu wa kumuondoa ulikiuka Mkataba. Wakati huo Kidega ameshakalia kiti miaka.

Mangi wa Pasua

Hii ndo mfano bora humu. Walikua na namba na bado utaratibu uliwaumbua. Ila binti_njiro kuna kitu kinaniuma hapo, alishinda mahakamani na kiti hakurudi.

Kijana wa Rau

Ndo maana mi nauliza, utaratibu una faida gani kama ukivunjwa unapata hukumu tu ya karatasi? Si bora nguvu.

Wakili wa 027

Faida yake ni kwamba anayefuata anaogopa kidogo. Kidogo tu, sisemi sana.

Ila dogo usidharau. Uingereza Machi 1979 serikali ya Waziri Mkuu Callaghan imeanguka kwa hoja ya kutokua na imani, kura 311 kwa 310. Kura moja. Mbunge wao mmoja, Alfred Broughton, alikua mahututi, hakuletwa. Walioshindwa wakakubali wakaenda uchaguzi kwa sababu kila mtu alikubaliana hesabu ni ile. Sehemu ambayo utaratibu hauaminiki kura moja isingetosha, wangerushiana viti.

Dogo Ngarenaro

311 kwa 310 huku kwetu kesho yake yangeonekana mahudhurio ya marehemu.

chalii_wa_Sakina

Mangi umesema mwanzo "anasimama mtu mwingine na hoja yake juu ya hoja yako" hujaelezea hiyo.

Mangi wa Pasua

Ah kweli. Mfano wa wazi Februari 2013. Mnyika ameleta hoja binafsi ya maji ya Dar es Salaam, imeandaliwa vizuri, ina mapendekezo. Kiti kina Naibu Spika Ndugai. Waziri wa Maji enzi hizo ni Profesa Maghembe, mtu wetu wa Mwanga hapo, badala ya kubishana na kila pendekezo anasimama na hoja ya kuiondoa hoja ya Mnyika, kwamba Serikali tayari inayafanya hayo. Sasa Bunge halijadili tena maji, linaamua kwanza kama hoja ibaki au iondoke. Kura ya sauti, imeondoka. Ukumbi ukawaka moto lakini kikanuni mchezo umeisha. Wananchi wa Mbagala wakabaki na ndoo zao.

Hiyo mbinu ni hatari kuliko kupingwa. Ukipingwa, Hansadi (kumbukumbu rasmi za Bunge) inabaki na hoja zenu zote mbili na watu wanajua nani kakataa nini. Ukiondolewa, hakuna aliyekataa maji, wamekataa tu karatasi.

Njia ya pili ni mabadiliko ya hoja. Unaleta "Bunge liunde kamati teule ichunguze", mwenzako anasimama kwa heshima zote, naomba kufanya mabadiliko, maneno "liunde kamati teule ichunguze" yaondolewe yawekwe "liipongeze Serikali kwa hatua inazochukua". Mabadiliko ndo yanapigiwa kura kwanza. Yakipita, hoja yako sasa inapongeza, na jina la mtoa hoja ni lako 🤣

Mzee wa Mawenzi

Hiyo ya pili ni ya kikatili.

Kijana wa Rau

Na mbunge akiona hivyo anaweza kuiondoa mwenyewe hoja yake?

Wakili wa 027

Anaomba kuiondoa, ila ikishatolewa na kuungwa mkono sio mali yake peke yake tena, ni mali ya Bunge, inahitaji ridhaa yao. Kwaiyo usilete usichoweza kukimaliza. Na ikishaamuliwa huwezi kuirudisha kesho yake umebadilisha nguo, kufufua jambo lililoamuliwa kunahitaji hoja mahsusi ya kuomba uamuzi uangaliwe upya. Waingereza wana desturi hiyo tangu 1604, na Machi 2019 Spika Bercow aliitumia kumzuia Waziri Mkuu May kurudisha mkataba wake ule ule wa kujitoa Ulaya. Waziri Mkuu mzima kazuiwa na desturi ya miaka mia nne.

binti_njiro

Turudi kwenye shilingi kidogo. India nao wana yao, mbunge anapendekeza fungu lipunguzwe rupia 100 kama ana lalamiko moja, na kama anakataa sera yote anapendekeza libaki rupia 1. Kwaiyo ukisikia tu kiasi unajua hasira yake imefika wapi. Sisi shilingi ni moja kwa kila kitu, aliyekosa kisima na anayepinga sera yote ya nishati wanashika shilingi ile ile.

Mangi wa Pasua

Hii ingefaa huku aisee. Shilingi moja lalamiko, mia tano hasira, elfu kumi ni kutukanana rasmi.

chalii_wa_Sakina

Swali la mwisho kwangu nikalale kesho niko na gari ya Namanga alfajiri. Bunge likikataa bajeti yote je? Sio shilingi, yote.

Wakili wa 027

Ibara ya 90, Rais anaweza kulivunja Bunge. Na kura ya bajeti kuu haipigwi kwa sauti, wanaitwa jina moja moja, mbunge anajibu ndiyo au hapana kila mtu anasikia. Sasa unganisha hayo mawili uniambie nani atasema hapana, wakati likivunjwa anarudi jimboni kuomba kura upya na mkopo wa gari bado.

chalii_wa_Sakina

Daaah. Kumbe ndo maana wanashika shilingi.

Mama Kahawa

Samahani narudi tena. Wakili, hiyo barua ya kuomba agenda tuandike kwa katibu wa bodi au kwa mwenyekiti? Na saini ziwe za watu wangapi? Mkutano wetu ni mwezi wa sita.

Wakili wa 027

Andikeni kwa katibu, nakala kwa mwenyekiti na afisa ushirika. Idadi ya saini ipo kwenye masharti ya chama chenu, kile kitabu kidogo, ombeni nakala ofisini ni haki yenu. Msipeleke mtu mmoja kuomba, nendeni wanne watano. Na barua ipokelewe ikagongwe muhuri na tarehe mbele yenu.

Mama Kahawa

Sawa. Kesho nakwenda na wenzangu.